SOMO: GARI LA MSAADA – TUULIZE KABLA YA KUTOA JINA LETU



Somo la safari hii linahusu magari. Tafadhali msicheke. Tunajua vikundi vingi havina hata baiskeli ya pamoja. Lakini wengi wetu tuna watoto au ndugu walio Marekani, na huko kuna desturi moja: gari likizeeka, mwenyewe hulitoa kwa shirika la msaada badala ya kuhangaika kulitafutia mnunuzi. Basi siku moja simu inalia: "Mama, kuna shirika hapa linachukua magari kusaidia watoto wa Afrika. Nitoe langu?" Au anafika mgeni na kamera, anaomba picha za kikundi na barua ya kumruhusu atumie jina letu. Hapo tutamjibu nini?

LENGO LA SOMO: Tukimaliza, kila kikundi kiweze kuuliza maswali matano kabla ya kusema ndiyo.

1. Gari lenyewe linakwenda wapi?

Watu wengi hudhani gari litapakiwa melini lije Mombasa. Sivyo. Magari ya Marekani yana usukani upande wa kushoto, na Kenya hairuhusu magari ya namna hiyo isipokuwa yale ya kazi maalum. Tena gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa nchini. Kwa hiyo gari la msaada huuzwa huko huko, mnadani au kwa wanunuzi wa vyuma na vipuri. Kinachoweza kutufikia sisi ni pesa tu.

Na mara nyingi shirika lenyewe haliuzi. Linampa kazi hiyo wakala, ambaye ni mfanyabiashara. Wakala hulipia matangazo, hulivuta gari, hulipeleka mnadani, kisha hukata gharama zake na faida yake. Hilo peke yake si wizi. Shida ni pale mtoaji hajui kinakatwa kiasi gani.

2. Dola 375 zilivyoyeyuka

Mwaka 2003 ofisi inayokagua matumizi ya serikali kwa niaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti juu ya magari haya. Ndani yake kuna kisa cha mtu aliyetoa lori la mwaka 1983. Lori liliuzwa mnadani kwa dola 375. Baada ya wakala kukata gharama za kazi na matangazo na kuchukua fungu lake, shirika la msaada lilipata dola 31 na senti 50. Yaani katika kila dola 100 za mnada, kama dola 8 tu ndizo zilizofika. Na yule mtoaji? Aliwaandikia watu wa kodi kwamba ametoa msaada wa dola 2,400!

Wakaguzi walifuatilia magari 54. Kwa thuluthi mbili ya magari hayo, shirika lilipata asilimia 5 au chini ya thamani ambayo mtoaji aliitaja kwenye kodi.

Sheria ilibadilishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika 2005. Sasa mtu akitaka nafuu ya kodi ya zaidi ya dola 500, kwa kawaida hufuata bei ambayo gari limeuzwa kweli, na shirika lazima limpe karatasi ya kuonyesha bei hiyo. Hilo ni jambo zuri. Lakini tuelewe vizuri: sheria hiyo ilibana ulaghai wa kodi. Haikumwambia wakala akate ngapi. Swali hilo limebaki la mtoaji mwenyewe kuuliza.

3. "Watoto" gani?

Kuna shirika linalojulikana sana Marekani kwa wimbo wake redioni, Kars4Kids. Mwaka 2009 majimbo ya Pennsylvania na Oregon yalilalamika kwamba matangazo yake hayakuwaeleza watu wazi pesa zinakwenda kwa nani, na shirika likakubali kulipa ili kumaliza shauri. Mwaka 2017 mwanasheria mkuu wa jimbo la Minnesota, ambako Wakenya wengi wanaishi, alieleza katika ripoti yake kwamba chini ya asilimia 1 ya pesa zilizotoka kwa watu wa Minnesota katika miaka ya 2012 hadi 2014 ilitumika kwa watoto wa jimbo hilo. Sehemu kubwa ilikwenda kwa shirika dada linalohudumia familia za Kiyahudi, hasa sehemu za New York na New Jersey.

Kusaidia familia hizo si kosa hata kidogo. Lakini mtoaji aliyesikia neno "watoto" alifikiria watoto wengine. Sasa badilisha neno hilo, weka "Afrika" au "wajane wa Kenya". Mmeona hatari? Jina la maskini linavuta gari, na maskini mwenyewe hana habari.

4. Maswali matano

Kwanza: Limesajiliwa wapi? Idara ya kodi ya Marekani ina orodha ya mashirika kwenye intaneti. Kijana yeyote wa kikundi mwenye simu anaweza kulitafuta. Mashirika mengi pia hutoa taarifa ya pesa kila mwaka, inayoitwa fomu 990, na mtu yeyote anaweza kuisoma. Makanisa hayalazimiki kuijaza, kwa hiyo hayo tuyaombe hesabu moja kwa moja. Kama shirika lina ofisi hapa Kenya, tuombe kuona cheti chake. Sheria mpya ya mashirika ya manufaa ya umma ilianza kazi Mei 2024 badala ya ile ya 1990.

Pili: Nani anauza gari, na anakata ngapi? Jibu liwe nambari. "Sehemu kubwa inafika" si jibu.

Tatu: Pesa zilifanya kazi gani mwaka jana? Watutajie mahali na kazi yenyewe: kisima, karo, dawa. Kama ni karibu, twende tukaone kwa macho.

Nne: Kuna njia fupi? Pengine mtoto wetu anaweza kuuza gari mwenyewe na kutuma pesa. Kwa njia hiyo kwa kawaida hatapata nafuu ya kodi, lakini Wamarekani walio wengi hawaipati hata wakitoa gari, kwa sababu hawaorodheshi matoleo yao kwa watu wa kodi. Apige hesabu zote mbili.

Tano: Jina na picha zetu zitatumiwaje? Tuandikiane. Barua iseme ni kwa muda gani, kwa kazi gani, na kwamba tutaletewa hesabu ya kilichochangwa kwa jina letu. Anayekataa kuandika, na sisi tukatae kupigwa picha.

5. Kuuliza si kukosa imani

Wengine watasema, "Msiulize sana, mtafukuza baraka." Hebu tusome 2 Wakorintho 8, mstari wa 18 hadi 21. Paulo alipokusanya mchango wa maskini wa Yerusalemu, hakuubeba peke yake. Alituma ndugu wengine, na mmoja wao alichaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kuwalaumu. Kama Paulo alikubali kuangaliwa, shirika gani litakataa? Wazee wetu nao walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MASWALI YA KUJADILI

(a) Gari limeuzwa dola 600. Wakala ametoa gharama za dola 200, kisha yeye na shirika wakagawana nusu kwa nusu kilichobaki. Shirika limepata ngapi? Je, kama mwenye gari angeliuza mwenyewe kwa dola 450 na kutuma zote?

(b) Kuna mtu aliyewahi kupiga picha za kikundi chetu? Tunajua picha hizo ziko wapi leo?

(c) Katika harambee yetu ya mwisho, zilichangwa shilingi ngapi na zilifika ngapi kwenye kazi yenyewe? Mweka hazina asome daftari mbele ya wote. Tukitaka kuwauliza wa mbali, tuanze kujiuliza sisi wenyewe.