Usalama wa Maji ya Visima Binafsi Mitaani

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, mwenye kisima kirefu huwauzia majirani maji kwa mabomba au kwa madumu. Kipimo cha maabara kilichofanywa siku kisima kilipochimbwa hueleza maji ya siku ile tu. Baadaye vyoo vya shimo huongezeka jirani, mabomba hupasuka, na presha inaposhuka bomba lenye ufa hufyonza maji machafu ya ardhini.

Kuhusu vimelea hakuna mjadala: bakteria wa E. coli wasionekane kabisa katika mililita 100. Klorini huhitaji dakika 30 au zaidi kufanya kazi, kisha ibaki walau miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapochotea, si tangini pekee. Maji yenye tope huimaliza mapema.

Naitreti ni hatari ya namna nyingine. Ikizidi miligramu 50 kwa lita, damu ya mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo huweza kushindwa kubeba oksijeni, midomo ikageuka buluu. Kuchemsha (ambako wengi hukutegemea kwa kila jambo) hakuiondoi, bali huikoleza. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo aulizwe mapema anachota wapi.