Kujitayarisha Mbele ya Kamera

Siku hizi mfanyabiashara hatoshelezwi na barua tu anapotafuta mnunuzi wa mbali. Humpelekea na filamu fupi, yeye mwenyewe akionekana na kueleza kazi yake. Hapa Kigali ninapokaa, kazi yangu ni kupiga filamu hizo, nami nimeona mafundi hodari wakishindwa na dakika moja ya kamera. Nataka kuwaeleza sababu, maana wengi wenu mtauza kitu siku moja, na ninyi mliokwisha toka shuleni huenda mnauza sasa.

Alinijia mama mmoja msukaji wa agaseke, kile kikapu cha Rwanda chenye kifuniko kilichochongoka, ambacho kimo hata katika nembo ya taifa. Alikuwa amekwisha pigwa filamu mahali pengine. Walimsimamisha mbele ya ukuta mweupe, kikapu amekishika karibu na kidevu. Kikapu kilitoka kizuri, lakini uso ulitoka kama kivuli, macho hayaonekani. Mnunuzi angemwaminije mtu asiyemwona? Mama yule akaambiwa ati ajipake poda nyeupe zaidi, naye alikuja kwangu amekwisha inunua.

Basi kosa halikuwa katika uso wake. Kosa lilikuwa katika ukuta, na katika kikapu pia. Yafaa mwelewe jinsi kamera inavyopima mwanga. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, huchukua mwanga wa picha nzima, ikautafutia kiasi cha katikati, kama rangi ya kijivu. Ukuta mweupe ukijaa katika picha, kamera hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza. Ukuta hupoa macho, lakini mtu mweusi aliyesimama mbele yake huangukia gizani. Simu za siku hizi hujaribu kuutafuta uso na kuupima peke yake, lakini hata hizo hudanganyika, hasa dirisha likiwa nyuma ya mtu.

Jambo hili lina historia yake. Zamani za filamu za Kodak, maabara za kusafishia picha zilipelekewa kadi ya kusahihishia rangi, na juu ya kadi hiyo palikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Mafundi waliziita kadi hizo Shirley. Rangi zikipatana na ngozi yake, kazi ilihesabiwa kuwa imetengenea. Filamu yenyewe iliboreshwa baadaye, na miongoni mwa waliolalamika walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwa sababu rangi za bidhaa zao hazikutoka sawasawa. Ajabu, chokoleti ilisikilizwa! Jean-Luc Godard, mtengeneza sinema wa Ufaransa, alipokuwa Msumbiji mwishoni mwa miaka ya 1970 alikataa kutumia filamu ya Kodak kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba uso wako haufai kwa kamera, mwambie ahamishe kiti.

Mama yule nilimtoa ukutani nikamkalisha akielekea dirisha, mwanga ukimjia kwa mbele na ubavuni kidogo. Nyuma yake, hatua tatu hivi, nilitundika kitambaa cha kijani kilichoiva. Kikapu alikishusha mpaka kifuani. Kisha niligusa uso wake juu ya kioo cha simu ili simu ipime mwanga wa pale, si wa kitambaa. Macho yakaonekana, na mikunjo ya kicheko pia. Poda kidogo ya rangi ya ngozi yake ilitosha kuondoa mng'aro wa jasho.

Anayepigwa picha nje na achunge saa. Kigali iko karibu nyuzi 2 kusini ya Ikweta, na kwa miezi mingi jua la saa sita huwa karibu na utosi. Nyusi hutia kivuli machoni, na mtu huonekana kama amekasirika. Mimi hupenda saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, au kivuli cha baraza wakati wowote.

Juu ya nguo sina mengi. Epuka mistari myembamba iliyobanana, kwa kuwa hutetemeka katika kamera, na shati jeupe pepe, ambalo huleta shida ile ile ya ukuta. Kitenge chenye maua makubwa hakina neno.

Sauti husahauliwa sana. Chumba chenye kuta tupu hurudisha mwangwi, basi tandika mikeka na utundike vitambaa. Tena katika masika, tangu Machi mpaka Mei, mvua ikianza kupiga bati hapana budi kungoja. Pikipiki za abiria nazo hazimalizi kupita, hivyo chagua chumba kilicho mbali na barabara.

Maneno usiyakariri kama shairi, maana ukisahau moja yote yatamwagika. Shika mambo matatu tu: unauza nini, kimetengenezwaje, na mtu atakipataje na kwa bei gani. Na usione haya kusema Kiswahili. Tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, na filamu moja hueleweka Bujumbura, Goma, Dar es Salaam na Mombasa bila mkalimani.

Tena wengi wetu tumelelewa tusimkazie macho mkubwa. Ni adabu njema, lakini katika filamu macho ya chini huonekana kama ya mtu anayeficha jambo. Jicho la kamera likikutisha, mweke rafiki karibu kabisa na kamera, nawe uzungumze naye.

Kabla ya kupiga filamu yenyewe, piga ya majaribio ya nusu dakika. Itazame nje mchana katika simu ndogo, kwanza bila sauti, halafu isikilize umefumba macho. Mwisho mwonyeshe jirani asiyejua biashara yako, umwulize bei ya kikapu. Asipoweza kukujibu, rudi kitini uanze upya.