Hataza yangu ina thamani gani?

Swali: Nina hataza ya Kenya ya mashine ya kubangua korosho, imebakiza miaka 8. Kampuni inanipa shilingi milioni 18. Niuze?

Jibu: Usiuze bado, ndugu yangu. Jiulize wangekulipa mrabaha kiasi gani kama wangeikodi tu. Tuseme mauzo yao ni milioni 200 kwa mwaka na mrabaha asilimia 4: hiyo ni milioni 8 kila mwaka. Lakini usizidishe kwa 8 ukapata 64, maana shilingi ya mwaka wa nane si ya leo. Kwa riba ya asilimia 20, thamani ya sasa ni takribani milioni 31, kabla ya kutoa ada za kuihuisha hataza. Anzia hapo kujadiliana, ila usiing'ang'anie: hataza za kampuni ya kamera ya Kodak zilikadiriwa zaidi ya dola bilioni 2, na Desemba 2012 wakakubali kuziuza kwa takribani dola milioni 525. Tena, Tanzania kwenye korosho nyingi, hataza yako ya Kenya haikulindi.