Ufike Kabla Khatibu Hajapanda Mimbari

Ukisimama kwenye mlango wa msikiti wa mjini siku ya Ijumaa, utaona watu wakiingia kwa mikupuo miwili. Wa kwanza hufika mapema, wakaswali sunna na kukaa. Wa pili huja mbio swala ikikimiwa, viatu mkononi, wakitafuta pa kusimama barazani au hata juani. Hawa wa pili swala wameiwahi, lakini hutuba imewapita. Na hutuba ni sehemu ya Ijumaa yenyewe. Madhehebu manne ya Kisunni yameiweka kuwa sharti: pasipo hutuba, hakuna Ijumaa.

Uzito huo unatoka kwenye Kurani. Sura ya 62 imepewa jina la siku hii. Aya yake ya 9 inawaamuru waumini, inapoadhiniwa swala ya Ijumaa, waende kwenye kumtaja Mwenyezi Mungu na waache biashara. Aya ya 11, ya mwisho, inawalaumu waliomwacha Mtume (S.A.W.) amesimama. Kisa chake kimesimuliwa na sahaba Jabir bin Abdillah: msafara wa vyakula uliingia Madina, watu wakaukimbilia, wakabaki na Mtume watu 12 tu. Riwaya nyingine inaeleza kwamba wakati huo alikuwa akihutubu. Tazama basi kwamba lawama hiyo iliwashukia watu walioipa hutuba mgongo.

Je, Ijumaa inamlazimu nani? Inamlazimu kila mwanamume Mwislamu aliyebaleghe, mwenye akili timamu na afya, aliye mkazi wa mahali pale. Msafiri halazimiki, wala mgonjwa, wala anayemuuguza mtu asiyeweza kuachwa peke yake. Mwanamke naye halazimiki, lakini akihudhuria Ijumaa yake inamtosha, haswali tena Adhuhuri. Mama au dada unayetaka kwenda, waulize kwanza majirani ni msikiti gani wenye mlango na sehemu ya wanawake, kwa sababu misikiti mingi midogo ya mitaani haina.

Na si kila msikiti unaoswali Ijumaa. Mingine huswalisha swala tano za kila siku tu, na siku hii watu wake huenda kwenye msikiti mkubwa zaidi. Ni desturi ya zamani pwani yetu: mji ulikuwa na msikiti wake wa Ijumaa, na watu wa mitaa yote wakakutana humo. Ule wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kwa hiyo ukihamia mtaa mpya, usiulize tu msikiti uko wapi. Uliza Ijumaa inaswaliwa wapi, na khatibu, yaani mtoa hutuba, hupanda mimbari saa ngapi.

Kuhusu wakati, Ijumaa huswaliwa wakati wa Adhuhuri, jua likishapinduka. Kwa Dar es Salaam na Mombasa, jua hupinduka kati ya saa sita na dakika chache na saa sita na nusu na ushei, kutegemea mwezi. Misikiti mingi imejipangia saa yake, tena haifanani. Kama umeajiriwa, zungumza na msimamizi wako mapema, usisubiri Ijumaa yenyewe. Mwambie unahitaji kutoka saa ngapi na utarudi saa ngapi, na ujitolee kufidia muda utakaozidi ule wa chakula cha mchana. Ombi lenye saa kamili ni rahisi kukubaliwa kuliko kutoweka kila wiki bila kuaga.

Maandalizi hayana gharama. Oga josho la Ijumaa: tia nia, kisha eneza maji mwili mzima. Wakati wake ni kuanzia alfajiri ya siku hiyo, kwa hiyo ukioga kabla ya kwenda kazini umeshaipata sunna. Kata kucha, piga mswaki, vaa nguo safi ya heshima, na mwanamume ajipake manukato. Kanzu na kofia ni pambo zuri, lakini si sharti. Suruali safi isiyobana inatosha. Tia udhu nyumbani au kazini, maana foleni ya mabomba ya msikitini ndiyo inayowachelewesha wengi. Msikitini hakuna kiingilio, na sanduku la sadaka ni la hiari.

Ukiingia, swali rakaa mbili za kuamkia msikiti. Hata ukimkuta khatibu ameshaanza, ziswali kwa wepesi kisha ukae. Ndivyo Mtume alivyomwelekeza sahaba aliyeingia akakaa bila kuziswali, na ndivyo wanavyofuata watu wa madhehebu ya Shafi, walio wengi pwani. Kaa palipo na nafasi. Usiruke mabega ya watu kutafuta safu ya mbele.

Katika misikiti mingi yetu hutangulia mawaidha kwa Kiswahili, kisha zikafuata hutuba mbili fupi za Kiarabu. Kwingine hutuba yenyewe hutolewa kwa Kiswahili, na nguzo zake tu ndizo za Kiarabu. Kama hujui Kiarabu, chagua msikiti ambao utatoka umeelewa jambo. Khatibu akianza, ndipo kunyamaza kunapoanza. Katika baadhi ya misikiti ya pwani, mwadhini humkabidhi khatibu bakora huku akiwakumbusha watu Hadithi mashuhuri: hata kumwambia mwenzako anyamaze ni upuuzi. Mtoto akipiga kelele, mwashirie kwa kidole. Hadithi nyingine inamhesabu aliyechezea changarawe kuwa amefanya upuuzi. Basi simu usiizime mlio tu, iache mfukoni.

Khatibu akimaliza hutuba ya kwanza hukaa kidogo, kisha husimama kwa ya pili. Baada yake huswaliwa rakaa mbili, naye imamu husoma kwa sauti.

Na ukichelewa kabisa? Ukimwahi imamu katika rukuu ya rakaa ya pili, umeipata Ijumaa: akitoa salamu, simama uongeze rakaa moja. Ukimkuta ameshainuka kutoka rukuu hiyo, jiunge naye vivyo hivyo kwa nia ya Ijumaa, kisha kamilisha rakaa nne za Adhuhuri. Ukikuta watu wanatoka, swali Adhuhuri.

Swala ikiisha, aya ya 10 inawaruhusu watu kutawanyika wakatafute riziki, kwa hiyo kurudi dukani au ofisini si kosa. Ila tega sikio kwanza kwa matangazo. Mara nyingi huwa kuna maiti wa kuswaliwa, na swala ya jeneza haina rukuu wala sijda: ni takbira nne umesimama, dakika chache tu. Kama huzijui dua zake, simama kwenye safu umfuate imamu, kisha mwombe mmoja wa wazee wa msikiti akufundishe kabla ya Ijumaa ijayo.