Mgawanyo wa Mali Usio Sawa: Chanzo na Athari Zake katika Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Mwanafunzi wa shule ya upili akitakiwa kuandika insha kuhusu umaskini, mara nyingi huanza kwa methali. Hueleza kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, au kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu, kisha huhitimisha kwa kuwahimiza maskini watie bidii. Methali hizi zina hekima yake, nasi hatuzibezi. Hata hivyo, zikifanywa maelezo ya pekee ya tofauti iliyopo kati ya tajiri na maskini, hutuzuia kuuliza swali la msingi: mali ilimfikiaje aliye nayo, na ilimponyokaje asiye nayo?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kurejelea Nakuru na Bonde la Ufa la kati. Hoja yetu ni kwamba pengo la mali katika eneo hili lilianzishwa na sheria na mikataba ya ardhi, likaendelezwa na urithi pamoja na upendeleo wa kisiasa. Athari yake mbaya kupita zote ni kwamba maskini wamefikia hatua ya kuuana kwa misingi ya kabila, huku chanzo cha dhiki yao kikisalia bila kuguswa.

Chanzo cha pengo

Sababu ya kwanza ni ukoloni. Kwa mkataba wa mwaka 1904, Wamaasai waliondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Lord Delamere alikuwa amepewa ekari 100,000 karibu na Njoro kwa muda wa miaka 99. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilirefusha muda wa kukodi mashamba ya walowezi hadi miaka 999. Kwa upande mwingine, Mwafrika alitozwa kodi ya kibanda, na ili aipate fedha hiyo ilimbidi auze nguvu zake. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota wafanye kazi kwa mlowezi siku zisizopungua 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kuishi shambani. Hapa ndipo methali ya kuinama inapokwama. Skwota wa Molo au Subukia aliinama mwaka baada ya mwaka, akalima ngano, akachuma pareto na kukama ng'ombe, lakini sheria haikumruhusu kukimiliki kile alichokiinamia.

Sababu ya pili ni namna ardhi ilivyogawanywa uhuru ulipokaribia. Kuanzia mwaka 1962, mpango wa makazi wa ekari milioni moja uliwapa ardhi takriban familia 35,000. Huo ulikuwa msaada mkubwa, lakini msingi wake ulikuwa ununuzi: aliyetaka kuuza aliuza, na aliyeweza kununua alinunua. Maskwota wengi waliingia katika uraia mpya wakiwa na deni la mkopo au wakiwa mikono mitupu. Wenye mishahara minono, dhamana ya benki na jamaa serikalini walinunua mashamba mazima bila kuyagawa. Mlowezi aliondoka, shamba likabaki na ukubwa wake, na skwota akabadilishiwa mwajiri. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 nao ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyotarajiwa kuleta faida kubwa zaidi, jambo lililoyaacha nyuma maeneo makavu kama Baringo. J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyeuawa Machi 1975, anakumbukwa kwa kuonya kwamba Kenya isije ikawa nchi ya mamilionea kumi na ombaomba milioni kumi.

Sababu ya tatu ni unyakuzi wa ardhi ya umma. Tume ya Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kuwasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilibainisha kwamba misitu na ardhi nyingine ya umma ilikuwa imegawiwa kinyume cha sheria, mara nyingi kama zawadi za kisiasa. Katika msitu wa Mau, Waogiek walizidi kufukuzwa katika makazi ya mababu zao hadi wakafika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mjini Arusha. Mahakama hiyo iliamua kwa manufaa yao mwaka 2017, na mwaka 2022 ikaagiza walipwe fidia.

Athari zake

Athari ya kwanza huonekana katika makazi. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, lakini jiji hilo ni miji miwili. Milimani kuna nyumba zenye nyua pana na miti ya kivuli, ilhali Rhonda na Kaptembwa familia nzima hubanana katika chumba kimoja cha kupanga. Katika jaa la Gioto, kwenye miteremko ya Menengai, wapo wanaotafuta riziki katika taka za wenzao.

Athari ya pili inahusu kazi na usalama wa maisha. Maua ya Naivasha hupamba meza za Ulaya, ilhali vibarua wanaoyachuma, wengi wao wanawake, huishi katika vitongoji vilivyosongamana kama Karagita. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la kibinafsi huko Solai lilipasuka, maji yakateremka na kuwaua zaidi ya watu 40. Maji yalihifadhiwa juu kwa ajili ya shamba. Waliokufa waliishi chini yake.

Athari ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kuvurugika kwa amani. Molo iliteketea mwaka 1992, Njoro mwaka 1998, na Nakuru na Naivasha Januari 2008. Tume ya Waki iliripoti kwamba watu 1,133 walipoteza maisha nchini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Husemwa kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika Bonde la Ufa, nyasi zilipigana zenyewe kwa zenyewe, tembo wakitazama. Mwenye ekari mbili alimchomea nyumba jirani mwenye ekari mbili, na mashamba ya maelfu ya ekari yakabaki salama.

Fasihi inatufunza nini?

Waandishi wetu hawakulinyamazia suala hili. Katika tamthilia ya Kilio cha Haki, Alamin Mazrui anawasawiri wafanyakazi wa shamba la mlowezi wakiongozwa na mwanamke, Lanina, kudai haki zao. Hapo mgogoro ni wa kitabaka waziwazi. Katika Chozi la Heri (2017), Assumpta Matei anamsawiri Ridhaa akipoteza jamaa zake katika moto wa fujo za uchaguzi. Hapo mgogoro umekwisha kuvishwa vazi la kabila. Tukizisoma kazi hizi mbili sambamba, tunaona jinsi swali la nani anamiliki nini lilivyogeuzwa kuwa swali la nani ni mgeni.

Hitimisho

Tiba ya tatizo hili imeanza kuandikwa. Kifungu cha 60 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataka ardhi ifikiwe kwa usawa, na kifungu cha 68 kinaliagiza Bunge litunge sheria kuhusu viwango vya chini na vya juu vya ardhi ya kibinafsi. Maagizo hayo yanahitaji raia wanaoyajua na kuyadai. Hapo ndipo sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu. Tuendelee kufundisha methali za bidii, kwani jamii isiyofanya kazi haijengeki. Lakini pale mwanafunzi wa Rhonda anapoandika kwamba umaskini wa mzazi wake ni matokeo ya uvivu, tusimpe alama za lugha nzuri tu na kupita. Tumwulize: babu yako alilima shamba la nani, na leo shamba hilo ni la nani?