Boga na popo: shuka la viraka kwa mabaki ya leso

Chini ya meza za mafundi cherehani wa Ukunda na Msambweni, jioni hujaa vipande vya leso, vitenge na kaniki ambavyo mwisho wake ni ufagio. Mwombe fundi wako akuwekee. Diani hupokea wageni ambao kwao tarehe 31 Oktoba ni Halloween, mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote, na kwao usiku huo una rangi mbili: chungwa na nyeusi. Leso za chungwa si adimu kwetu, na weusi tunao kwenye kaniki. Kwa mabaki hayo unaweza kushona shuka la miraba ya maboga na popo, la kumuuzia mgeni au la kujifunika mwenyewe.

Kazi hii huharibikia kwenye kuchambua, si kwenye cherehani. Leso ni nyepesi, kitenge ni kizito zaidi, na baadhi ya vitambaa vya madera ni nailoni au poliesta tupu, huteleza chini ya sindano na kuyeyuka chini ya pasi ya makaa. Kama una shaka, chomoa nyuzi mbili tatu, uziwashe nje, mbali na vitambaa. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta hujikunja ikawa kidonge kigumu. Hiyo iweke kando. Kisha fua kila kitu, kaniki peke yake, mara nyingi kadiri inavyotakiwa, mpaka maji yatoke meupe. Kaniki isiyofuliwa vizuri italipaka boga lako weusi siku shuka litakapoloa, na hapo hakuna dawa.

Mraba wetu ukikamilika uwe inchi 10 kwa 10. Kila mshono unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo vipimo vya kukata ninavyotaja hapa tayari vimeongezwa nusu inchi. Bandika utepe kwenye bamba la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, ukingo wa kitambaa ufuate hapo daima.

Boga. Kata vipande vinne vya rangi ya chungwa, kila kimoja inchi 2.5 kwa 8.5, ikiwezekana kutoka leso tofauti, maana boga halisi lina mikunjo yenye vivuli mbalimbali. Viunganishe kwa upande mrefu upate mraba wa inchi 8.5. Sasa kata miraba minne midogo ya kaniki, inchi 2 kwa 2. Laza mmoja kila pembe, uso kwa uso, shona kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe ukikata kona ya boga, punguza kinachozidi nje ya mshono, kisha geuza kaniki upige pasi. Pembe zimekatika, boga limekuwa duara. Juu yake weka ukanda wa vipande vitatu: kaniki 4 kwa 2.5, kikonyo cha kijani 1.5 kwa 2.5, kaniki tena 4 kwa 2.5. Malizia kwa ukanda wa kaniki wa 1.5 kwa 10.5 kila ubavu.

Popo ni rahisi zaidi. Unganisha vipande vitano vya leso angavu, kila kimoja 2.5 kwa 10.5, huo ndio uwanja wake. Kunja karatasi katikati, chora nusu ya popo, kata, fungua: mabawa yatalingana. Mhamishie kwenye kaniki ukiacha robo inchi pembeni ya kukunjia ndani, chanja kidogo mapindo ya mabawa ili yasivute, kisha mshonee juu ya uwanja kwa mkono. Popo ninampendelea kuliko mizimu yote ya Halloween kwa sababu ni wetu: yumo kwenye mapango ya Shimoni, na popo wala matunda hubeba chavua ya mbuyu, ambao maua yake hufunguka usiku. Mgeni akiuliza, una la kumwambia. Mashetani na majini usiyashone. Kwa majirani wengi hayo si mchezo, na msitu wa Kaya Kinondo, ambako mgeni hufungwa kaniki kiunoni kwa heshima, si pambo la sherehe.

Ukipata miraba 20, maboga 10 na popo 10, ipange kwa kubadilishana, minne kwa upana na mitano kwa urefu: inchi 40 kwa 50. Leso moja nzima inatosha kuwa mgongo wake, jina likiwa limekaa wima bila kukatwa; lichague kwa makini, kwani mnunuzi atataka kufasiriwa. Katikati tia shuka jembamba la zamani, si blanketi, kwa joto letu. Tandaza matabaka matatu, piga pini kuanzia katikati, shona kufuata mishono ya miraba, kisha zungushia ukingo wa kaniki wa upana wa inchi 2.5 uliokunjwa mara mbili.

Anza Agosti ukitaka kuuza Oktoba. Na mnunuzi umwambie wazi: alifue kwa maji baridi, peke yake, aanike kivulini, kwani jua la Pwani hupausha rangi ya chungwa.