Jua Haki Zako: Rais Akiugua, Nani Hushika Nchi?

Jomo Kenyatta alifariki usiku wa kuamkia Agosti 22, 1978, katika Ikulu ya Mombasa. Siku iliyotangulia alikuwa Msambweni, Kwale. Hadi leo ndiye rais pekee wa Kenya aliyefia madarakani, na kifo chake kilitokea hapa hapa Pwani. Makamu wake, Daniel arap Moi, aliapishwa siku ile ile kuwa kaimu kwa muda usiozidi siku 90, na Oktoba 14 akawa rais kamili.

Mambo yalikwenda sawa, lakini nusura yasiende. Mwaka 1976 kundi la wanasiasa lilitaka katiba ibadilishwe ili makamu asirithi kiti hata kwa hizo siku 90. Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akatoa onyo: kuwaza au kupanga kifo cha rais ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifo. Mjadala ukazimika. Onyo lile liliuokoa utaratibu wa urithi, lakini lilituachia woga ambao haujatutoka. Mpaka sasa wapo wazee Malindi na Kilifi ambao afya ya rais ikitajwa barazani huteremsha sauti. Hakuna haja ya kuteremsha sauti. Sheria huadhibu njama ya kuua. Kuuliza ni nani atashika nchi rais akifa au akishindwa kazi si njama, kwa sababu Katiba ya 2010 yenyewe imelijibu swali hilo waziwazi.

Tuanze na lililo jepesi. Rais akifa, akijiuzulu kwa barua kwa Spika wa Bunge la Taifa, au akiondolewa kisheria, Kifungu cha 146 kinamkabidhi Naibu Rais kiti mpaka muhula uishe. Hakuna uchaguzi. Naibu asipokuwepo, au akiwa hawezi, Spika wa Bunge la Taifa hukaimu na uchaguzi wa rais hufanyika ndani ya siku 60.

Hapa ndipo watu wetu wengi huchanganya. Kwa kuwa Amason Kingi, gavana wetu wa kwanza hapa Kilifi, sasa ni Spika wa Seneti, husikika ikisemwa kwamba mtoto wa Kilifi yuko hatua mbili tu kutoka Ikulu. Sivyo. Spika anayetajwa ni wa Bunge la Taifa, na kwa sasa ni Moses Wetang'ula. Spika wa Seneti ana kazi rais anapotimuliwa kwa makosa, maana yeye ndiye huitisha kikao cha Seneti kusikiliza mashtaka. Rais anaposhindwa kazi kwa ugonjwa, Seneti haihusiki kabisa.

Wala usidhani nafasi hiyo ya Spika wa Bunge la Taifa ni ya kwenye karatasi tu. Tangu Seneti ilipomwondoa Rigathi Gachagua usiku wa Oktoba 17, 2024 mpaka Kithure Kindiki alipoapishwa Novemba 1, huku kesi zikirundikana mahakamani, hakukuwa na mtu aliyekalia kiti cha Naibu Rais. Lau rais angepatwa na jambo katika wiki hizo mbili, tungekuwa na kaimu rais na kampeni za siku 60.

Sasa ugonjwa. Kifungu cha 144 kinasema mbunge yeyote, akiungwa mkono na angalau robo ya wabunge wote, yaani 88, anaweza kuleta hoja kwamba uwezo wa rais, wa mwili au wa akili, uchunguzwe. Zaidi ya nusu ya wabunge wote wakiikubali, Spika ana siku mbili za kumjulisha Jaji Mkuu. Jaji Mkuu ana siku saba za kuunda jopo la watu watano: madaktari watatu wanaopendekezwa na baraza linalosimamia taaluma yao, wakili mmoja wa Mahakama Kuu, na mtu mmoja anayeteuliwa na rais mwenyewe. Rais akiwa hawezi hata kuteua, jamaa yake humteulia. Jopo lina siku 14 za kutoa ripoti, na Spika ana siku saba za kuifikisha Bungeni. Jopo likisema rais anaweza kazi, basi yamekwisha, hakuna rufaa. Likisema hawezi, Bunge hupiga kura tena, na zaidi ya nusu ya wabunge wote wakiafiki, kiti kiko wazi.

Ukijumlisha siku hizo unapata kama mwezi mzima, na muda wote huo rais anayechunguzwa anaendelea kuwa rais.

Kwa maradhi ya kupita, Kifungu cha 147 kinamtaka Naibu akaimu rais anapokuwa hayupo au hawezi kwa muda. Uhuru Kenyatta alikitumia Oktoba 2014 alipokwenda The Hague, akamwacha William Ruto akikaimu. Kaimu wa namna hiyo amefungwa mikono: hateui majaji, hateui wala hafukuzi mawaziri, hasamehe wafungwa. Lakini kifungu hakisemi ni nani atakayetamka kwamba rais hawezi, iwapo mwenyewe hajiwezi au hataki kukiri. Naliona hilo kuwa pengo kubwa, na Bunge linapaswa kuliziba kwa sheria sasa, wakati hakuna mgonjwa.

Pengo la namna hiyo hujazwa na uvumi. Tuliona kwa jirani zetu Tanzania mwaka 2021. Rais Magufuli hakuonekana hadharani kwa zaidi ya wiki mbili, Waziri Mkuu akasema rais anachapa kazi, na polisi wakawakamata watu kwa madai ya kueneza uvumi. Machi 17 kifo kikatangazwa. Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, na makabidhiano yalikuwa shwari. Hata hivyo wananchi walikuwa wamenyimwa haki yao ya kujua.

Hapa kwetu Kifungu cha 35 kinaitaka Serikali itangaze habari muhimu zinazoligusa taifa. Rais naye ana haki ya faragha, na maradhi yake yote si ya kuanikwa. Lakini kama anaweza kazi au hawezi, hilo ni letu sote. Unaweza kuomba habari hiyo kwa maandishi. Ukinyimwa, lalamika kwa Tume ya Utawala wa Haki, au nenda Mahakama Kuu hapo Malindi. Kesi ya kudai haki za msingi haitozwi ada ya kufunguliwa, na Katiba inaruhusu mahakama ipokee hata maombi yasiyo rasmi. Unaweza pia kupeleka ombi Bungeni chini ya Kifungu cha 119.

Kaunti ya Kilifi ina kura nane katika Bunge la Taifa: Malindi, Magarini, Ganze, Kaloleni, Rabai, Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini na mwakilishi wa wanawake. Mbunge wako akija kwenye mkutano, muulize kama yuko tayari kuleta mswada wa kuziba pengo la Kifungu cha 147, na umtake akujibu mbele ya watu.